Nani Kaingia, Nani Kanunua: Kufunga Vipimo kwenye Duka la Mtandaoni

Mwisho wa mwezi, maduka mengi ya mtandaoni ya Afrika Mashariki huwa na hesabu mbili. Moja iko Google Analytics, nyingine iko kwenye taarifa ya M-Pesa au ya benki, na mara nyingi hazipatani. Kompyuta inasema yameuzwa magauni 30, simu inasema pesa zimeingia mara 47. Mwenye duka anaiamini simu, wala hakosei, kisha anaacha kabisa kuifungua ile hesabu nyingine.

Programu za kupima tovuti zilitungwa kwa kumfikiria mteja anayeandika namba za kadi, anabonyeza, kisha anauona ukurasa wa asante, yote ndani ya kivinjari kimoja. Mteja wa Dar es Salaam au Nairobi ana njia zake. Bidhaa ameiona Instagram, bei ameulizia WhatsApp, namba ya siri ameiweka kwenye simu, na ukurasa wa asante pengine hakuufikia. Mwingine hatoi hata shilingi mpaka bodaboda afike mlangoni. Ukifunga vipimo kama vinavyokuja, bila kuvirekebisha vifuate njia hizi, vitakuhesabia wapita njia vizuri na wanunuzi vibaya.

Kuchagua kifaa

Anza kwa kuandika maswali unayotaka yajibiwe. Matatu yanatosha: wanunuzi wanatoka wapi, wanakwamia wapi kabla ya kulipa, na bidhaa zipi zinatazamwa sana bila kununuliwa. Takwimu isiyojibu mojawapo ya hayo unaweza kuipuuza kwa sasa.

Google Analytics ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ni ya bure na huunganishwa kirahisi na WooCommerce na Shopify. Google iliinunua kampuni ya Urchin mwaka 2005 na mwaka huohuo ikatoa Analytics kwa umma. Toleo la sasa, GA4, lilitoka Oktoba 2020, na lile la zamani likaacha kupokea takwimu za akaunti za bure tarehe 1 Julai 2023. Kwa hiyo ukikuta maelekezo yanayotaja namba inayoanza na UA, yaache. Ya GA4 huanza na herufi G na kistari.

Anayetaka takwimu zikae kwenye seva yake mwenyewe ana Matomo, iliyoitwa Piwik hadi mwaka 2018. Plausible ni nyepesi kwa simu za bando dogo, lakini ni ya kulipia ikiwa hutaki kuifunga mwenyewe. Microsoft Clarity ni ya bure na inarekodi jinsi mgeni anavyopitisha kidole kwenye ukurasa, jambo linalofaa sana unapotaka kujua kwa nini kitufe fulani hakibonyezwi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu GA4, ila taratibu zake zinafaa kwa zote.

Siku ya kwanza

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya duka, si ya fundi aliyetengeneza tovuti. Wenye maduka wengi hugundua tofauti hii wakati fundi amekwisha kuhama, simu yake haipatikani, na takwimu za miaka miwili zimebaki mikononi mwake. Fundi apewe ruhusa ya kuhariri. Usimamizi ubaki kwako.

Kisha nenda sehemu ya Admin ukatazame majira ya saa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa za kimataifa, lakini akaunti mpya inaweza kuwa imewekewa majira ya Marekani. Ikiachwa kwenye saa za Los Angeles, oda ya Jumatatu saa mbili asubuhi itaandikwa Jumapili usiku, na hutajua kamwe siku yako nzuri ya mauzo ni ipi. Rekebisha mapema, kwa kuwa badiliko hilo halirudi nyuma kusahihisha takwimu zilizokwisha kuingia.

Hapohapo kwenye Admin kuna muda wa kuhifadhi data. GA4 huanza na miezi 2. Ongeza hadi 14, ambao ndio mwisho kwa akaunti ya bure. Taarifa za jumla hazitafutika, lakini uchunguzi wa kina, kama wa kujua wanunuzi wa Desemba waliletwa na tangazo lipi, unaitegemea data hiyo. Ikishafutwa hairudi.

Sasa bandika msimbo wenyewe. Kwenye WooCommerce tumia programu-jalizi rasmi ya Google Analytics. Kwenye Shopify tumia programu ya Google iliyoko kwenye duka lao la programu. Tahadhari ni moja: msimbo ufungwe mahali pamoja tu. Ukiwekwa kwenye mandhari ya tovuti, ukawekwa tena kwenye programu-jalizi, na wa tatu ukapitia Google Tag Manager, kila ukurasa mmoja uliofunguliwa unaweza kuhesabiwa mara tatu. Ili kuhakikisha, fungua tovuti kwa simu yako, kisha tazama taarifa ya papo kwa papo ndani ya GA4. Ukurasa mmoja uliofunguliwa uonekane mara moja.

Wafanyakazi wa duka nao huingia tovutini mara kwa mara. Ofisi yenye intaneti ya anwani isiyobadilika inaweza kuzuiwa kwa kichujio cha wageni wa ndani, lakini kichujio hicho huanza kikiwa kwenye hali ya majaribio na hakizuii chochote mpaka ukiwashe. Wanaotumia bando la simu hawashikiki kwa njia hiyo, maana anwani zao hubadilika kila wakati. Hao, fundi awawekee alama tovuti ikiwatambua wameingia kwa akaunti za kazi.

Matukio matano

GA4 huhesabu matukio. Baadhi hujiandika yenyewe: ukurasa kufunguliwa, mgeni kushuka hadi asilimia 90 ya ukurasa, kiungo cha kwenda nje kubonyezwa. Ya biashara lazima yatumwe na duka, na majina yake ni ya kudumu, hayatafsiriwi wala kubadilishwa herufi: view_item mteja anapotazama bidhaa, add_to_cart anapoiweka kikapuni, begin_checkout anapoanza kulipia, purchase anaponunua, na refund pesa inaporudishwa.

Tukio la purchase ndilo la kukaguliwa kwa jicho kali. Chukua kitenge cha shilingi 25,000. Kwenye tukio hilo, thamani iandikwe 25000, namba tupu, bila mkato na bila neno shilingi. Sarafu iandikwe kwa herufi tatu za kimataifa, TZS au KES. Thamani isiyo na sarafu haiingii sawasawa kwenye hesabu ya mapato. Halafu kuna transaction_id, yaani namba ya oda. Hiyo humzuia mteja aliyeufungua upya ukurasa wa asante asihesabiwe kama aliyenunua mara mbili, kwa kuwa GA4 huzitupa oda zenye namba inayojirudia. Kinga hiyo ina hatari yake: fundi akiituma namba ikiwa tupu, oda zote zisizo na namba huonekana kuwa oda moja, na mauzo ya siku nzima yakawa mteja mmoja.

Jaribu kwa kununua bidhaa yako mwenyewe ya bei ndogo. Fungua DebugView, ambayo huonyesha matukio moja baada ya jingine yanapoingia, na uhakikishe manne ya kwanza yamefuatana. Taarifa za kawaida huchukua saa 24 hadi 48 kukamilika, hivyo usihukumu duka la leo kwa takwimu za leo.

Pesa inapopita kwenye simu

Hapa ndipo zile oda 17 za mwanzo, tofauti ya 47 na 30, zilipopotelea. Mteja anabonyeza kulipa, ombi la M-Pesa linatokea kwenye simu, anaweka namba ya siri, ujumbe wa kuthibitisha unaingia. Kwake yeye shughuli imekwisha. Anafunga ukurasa, au simu yenyewe inaufunga, na ukurasa wa asante uliobeba tukio la purchase haufunguki. Pesa imeingia, takwimu haina habari.

Dawa ni kutuma tukio kutoka kwenye seva ya duka. Mtoa huduma ya malipo akishamaliza, huipelekea seva yako jibu kwamba muamala umefaulu au umeshindikana. Mwombe fundi afanye mambo mawili. La kwanza, mteja anapoanza kulipia, oda ihifadhiwe pamoja na namba ya utambulisho ambayo GA4 huiweka kwenye kuki iitwayo _ga, na namba ya kipindi chake cha kutembelea. La pili, jibu la kufaulu likifika, seva itume purchase kwa njia ya Measurement Protocol ikiwa na namba hizo. Bila hizo mauzo yataonekana, lakini yatakuwa hayana asili. Hutajua kama mteja alitoka Instagram au kwenye utafutaji wa Google. Na ukiamua kutuma kutoka kwenye seva, liondoe tukio hilo kwenye ukurasa wa asante. Njia iwe moja.

Fundi ajue pia kwamba Measurement Protocol hujibu kuwa imepokea hata kama ujumbe una kasoro. Iko anwani maalumu ya kukagulia ujumbe, na ajaribu huko kwanza.

Majibu ya kushindikana nayo yana thamani. Kwenye mfumo wa Safaricom, msimbo 0 ni muamala uliofaulu, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, na 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Tengeneza tukio lako, uliite malipo_yameshindikana, na ulibebeshe msimbo huo. Baada ya wiki chache utaona mwelekeo. 1032 zikiwa nyingi, huenda mteja anashtushwa na jumla iliyoongezwa nauli ya mzigo, au jina linalotokea kwenye simu si la duka analolijua. 1037 zikiwa nyingi, weka kitufe cha kutuma ombi tena, na uonyeshe Paybill au namba ya till kwa anayetaka kulipa mwenyewe.

Wanaotumia lango la malipo linalomtoa mteja nje ya tovuti, kama Pesapal, wana kazi moja zaidi. Mteja akirudi kutoka huko, GA4 inaweza kudhani lango hilo ndilo lililomleta, na sifa ya mauzo yako ikaenda kwa kampuni ya malipo. Ingiza anwani ya lango kwenye orodha ya marejeleo yasiyotakiwa, ndani ya mipangilio ya mkondo wa data.

Lipa ukipokea, na oda za WhatsApp

Oda ya kulipia mlangoni bado haijawa mauzo. Mteja anaweza kutopokea simu, kugeuza mawazo, au kumwambia bodaboda arudi kesho. Duka linalotuma purchase pale oda inapowekwa linajisifia pesa ambazo hazijaingia, kisha linaongeza bajeti ya matangazo kwa wateja wanaokataa mizigo. Afadhali oda iandikwe kwa tukio lake, tuseme oda_imewekwa, na purchase itumwe na seva mfanyakazi anapoweka alama kwamba mzigo umepokelewa na kulipiwa. Kama mfumo wako hauwezi hivyo, tuma purchase mapema lakini kila mzigo uliorudi utumiwe refund yenye namba ileile ya oda.

WhatsApp ina ugumu wake, kwa kuwa mazungumzo yenyewe hayaonekani tovutini. Kinachoonekana ni mteja kubonyeza kiungo cha wa.me. GA4 hukiandika kama kiungo cha nje. Wewe kigeuze kuwa tukio linalojitegemea na uliweke kati ya matukio muhimu. Kisha kwenye kiungo chenyewe, tangulizia ujumbe wenye jina na namba ya bidhaa: “Habari, naulizia kitenge namba 312.” Anayejibu ujumbe hatahitaji kuuliza ni kitenge kipi, na jioni ataweza kuandika daftarini ni maulizo mangapi yamezaa mauzo.

Walikotoka

Mgeni aliyebonyeza kiungo kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi huingia bila alama yoyote ya alikotoka. GA4 humweka kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani ya duka kwa mkono. Ndiyo maana fungu hilo huwa kubwa kupita kiasi huku kwetu.

Tiba yake ni kuongeza alama za UTM mwishoni mwa kila kiungo unachokisambaza. Kwa tangazo la Idi kwenye hali ya WhatsApp, kiungo kimalizike hivi: ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=idi. Cha kwenye wasifu wa Instagram kiwe na utm_source=instagram. Cha ujumbe mfupi kiwe na utm_medium=sms, na GA4 itakiweka kwenye fungu la ujumbe mfupi yenyewe. Tumia herufi ndogo daima, kwa maana Instagram na instagram huhesabiwa kuwa vyanzo viwili. Alama hizi zisiwekwe kamwe kwenye viungo vya ndani ya tovuti; bango la ukurasa wa mwanzo likiwa na UTM, linaweza kuvuruga kumbukumbu ya alikotoka mteja.

Kuna wageni ambao hesabu yao haitakuwa safi hata ukijitahidi. Aliyefungua kiungo ndani ya Instagram, kisha jioni akarudi kwa Chrome, huonekana kama watu wawili. Anayetumia Opera Mini kwenye hali ya kubana data sana hutengenezewa ukurasa kwenye seva za Opera, na baadhi ya misimbo haifanyi kazi kama kawaida. Wapo pia wenye programu za kuzuia ufuatiliaji.

Yasiyopaswa kwenda Google

Katika biashara zetu namba ya simu ndiyo jina la mteja, ndiyo akaunti yake na ndiyo anwani ya kumfikishia mzigo. Kwa sababu hiyo hujipenyeza kila mahali. Fanya malipo ya majaribio kisha soma anwani ya ukurasa wa asante pale juu ya kivinjari. Ukikuta phone=2557 na tarakimu zinazofuata, namba za wateja wako zinatumwa Google kila oda inapokamilika, kwani GA4 huandika anwani nzima ya ukurasa. Masharti ya Google yanakataza kutuma namba za simu na barua pepe. Fundi aiondoe kwenye anwani, na wakati anahangaika, washa kipengele cha GA4 cha kuficha barua pepe na vigezo utakavyovitaja. Jina la mteja na namba ya risiti ya M-Pesa navyo visitumwe. Namba ya oda ya duka inatosha.

Sheria nazo zipo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Uganda ikatunga ya kwake mwaka huohuo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Weka ukurasa unaoeleza kwa Kiswahili cha kawaida unakusanya nini, kwa nini, na unampa nani. Ikiwa unawauzia Waswahili walioko Ulaya, mteja aulizwe ridhaa kabla ya kuki za upimaji kuwekwa kwenye simu yake.

Kila Jumatatu

Vipimo vikishafungwa, tenga muda asubuhi moja kwa wiki. Weka taarifa ya M-Pesa na benki upande mmoja, purchase za wiki iliyopita upande wa pili, ulinganishe idadi kwanza, kisha jumla ya pesa. Hazitalingana shilingi kwa shilingi, na pengo dogo lisilobadilika lisikunyime usingizi. Pengo likipanuka ghafla kuna kitu kimevunjika: programu-jalizi imesasishwa, mandhari yamebadilishwa, au seva imeacha kupokea majibu ya malipo.

Baada ya hapo ndipo utazame safari ya ununuzi. Kwa mfano wa hesabu, tuseme wageni 2,000 waliingia, 160 waliweka bidhaa kikapuni, 90 wakaanza kulipia, 30 wakalipa. Wengi watakimbilia kuongeza matangazo ili wageni wawe 4,000. Lakini watu 60 walikuwa wameshaamua kununua, wakafika kwenye malipo, na hawakumaliza. Kuwafuatilia hao hakugharimu tangazo hata moja. Soma misimbo ya malipo_yameshindikana, kisha uangalie kama nauli ya kutuma mzigo kwa basi hadi Mwanza au Mombasa inaonekana mapema au inajitokeza dakika ya mwisho.

Sehemu nyingine yenye utajiri ni maneno ambayo wateja wanayatafuta ndani ya duka, ambayo GA4 huyaandika yenyewe kwenye tovuti nyingi za WordPress. Utafutaji wa kawaida wa WooCommerce hulinganisha herufi tu. Bidhaa iliyoandikwa “vitenge vya nta” haitajitokeza kwa anayeandika “kitenge”, na “viatu vya kike” havitaonekana kwa anayetafuta “kiatu”. Orodha ya maneno hayo itakuonyesha ni majina gani ya kuongeza kwenye maelezo ya bidhaa, umoja na wingi wake.

Badilisha jambo moja kwa wakati, andika tarehe yake, na uache wiki mbili zipite. Unapolinganisha, chagua siku zinazofanana: wiki ya mshahara kwa wiki ya mshahara, Januari ya kufungua shule kwa Januari nyingine. GA4 ina kitufe cha kulinganisha na kipindi kama hiki mwaka jana, lakini kwa muuza kanzu au khanga wa Pwani kitamdanganya, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Yeye achague tarehe mwenyewe, kumi la mwisho la mfungo wa mwaka huu dhidi ya kumi la mwisho la mwaka jana.